Chumvi ya shangazi na utando wa plastiki

Shangazi yangu wa Turiani hupima ukavu wa mahindi kwa chupa ya soda. Chumvi huianika juani kwanza mpaka ichuruzike kama mchanga wa ufukweni, kisha anaimimina kwenye chupa kavu ya kioo, kimo cha vidole viwili tu, anaongeza mahindi mpaka karibu nusu, anaziba, anatikisa. Anaiacha itulie. Halafu anaiinua kwenye mwanga wa mlango na kuizungusha polepole kama mtu anayetafuta ufa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yanarudi kwenye turubai. Ikiteremka yote na kuacha kioo kisafi, mahindi yanaingia ghalani.

Mwaka juzi, mwezi wa pili, nilimpelekea kitu cha kuistaafisha ile chupa. Mahindi ya vuli kule huvunwa masika yakiwa yanabisha hodi, kwa hiyo kila mtu anakimbizana na mawingu, na mimi nilijiona naleta ukombozi. Nilikitengeneza mwenyewe mezani kwangu Mbagala: kasha la kuhifadhia chakula, bodi ya Arduino (kompyuta ndogo ya mafundi wa nyumbani), kioo kidogo cha namba, betri, na kihisi cheupe chenye vitundu usoni, kile ambacho ukifika Kariakoo ukasema "sensa ya unyevu" unapewa bila swali la pili. Nilikipachika kwenye ncha ya bomba la PVC lililotobolewa, nikalisokomeza katikati ya gunia ambalo chumvi ilikuwa imelipitisha asubuhi ile ile.

"Kinasemaje?" shangazi akauliza.

"Subiri kidogo, shangazi. Kinazoea."

Baada ya robo saa kikatulia kwenye asilimia 84.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ndiyo kusema mahindi bado mabichi."

Alinitazama. Akatia mkono guniani, akatoa punje moja, akaing'ata. Ikalia ka! Akatema vipande kwenye kiganja, akanionyesha. "Haya mwanangu. Tuambie basi tule nini." Kisha akaipangusa chupa yake kwa pindo la kanga na kuirudisha dirishani.

Nilirudi Dar na kasha langu mapajani, njia nzima nikijiuliza nani kadanganya. Aliyedanganya nilikuwa mimi, lakini ilinichukua wiki mbili kulijua hilo, na jibu lilipitia kwenye chumvi ile ile niliyokuja kuidharau.

Kila chumvi ina kizingiti chake. Hii ya mezani, inayovunwa Bagamoyo au Kilwa, ikikaa kwenye hewa yenye unyevu chini ya asilimia 75, yaani robo tatu ya mvuke wote ambao hewa inaweza kuubeba, hubaki kavu. Hewa ikivuka hapo, punje zinaanza kunyonya maji hewani mpaka zinalowa. Kizingiti hicho hakiyumbi sana, iwe ni asubuhi ya baridi au mchana wa jua kali. Ndiyo sababu kopo la chumvi la mtu wa Dar limewekwa punje za mchele ndani, na la mtu wa Dodoma halina haja.

Nafaka nayo ina mazungumzo yake na hewa. Yafungie mahindi kwenye chombo, na baada ya muda hewa iliyo katikati ya punje itatulia kwenye unyevu unaolingana na maji yaliyomo ndani ya punje zenyewe. Mahindi yenye maji asilimia 13.5, ambacho ndicho kikomo cha viwango vya Afrika Mashariki, huishi na hewa ya asilimia 65 mpaka 70 hivi. Hewa ikifika 75, mahindi yana maji kama asilimia 14 au 15. Kwa hiyo shangazi alikuwa na kihisi muda wote, ila chenye namba moja tu. Kinapitisha mahindi mabichi kidogo kuliko kikomo cha serikali, hilo nalikubali. Lakini hakina betri, na hakijawahi kuhitaji fundi.

Kilichonishtua ni kwamba watu wa maabara wanaitumia namba hiyo hiyo. Wakitaka kujua kama kihisi cha unyevu kinasema kweli, wanachukua chumvi, wanaitia maji kidogo mpaka inakuwa uji mzito ambao bado una punje, wanaifungia kwenye chombo pamoja na kihisi, wanasubiri. Hewa ya humo ndani lazima itulie 75. Kihisi kikisema vingine, kimepotoka. Nilifanya hivyo kwenye kopo tupu la siagi ya karanga, nikaliacha usiku kucha juu ya friji. Asubuhi kilisoma 88.

Huo si mchezo wa namba. Mwaka 2004 huko mashariki ya Kenya, Makueni na Kitui zaidi, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliota kuvu, na watu 317 waliugua kwa sumukuvu. 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 ilikuwa zamu yetu, mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus, na ikishaingia kwenye punje haitoki kwa kuchemsha: ugali unaiva, sumu inabaki. Kihisi kinachosema kavu ni bichi kinamsumbua mkulima bure. Kinachosema bichi ni kavu kinaweza kuzika familia. Changu kilikosea upande wa kwanza kwa bahati tu.

Basi nikakifungua. Ndani ya ile nyumba nyeupe yenye vitundu kuna kidude kidogo kuliko ukucha wa mtoto, na kazi yote inafanywa na kitu usichokiona: utando wa plastiki wenye unene wa mikroni chache. Unywele wa kichwani una mikroni kama 70, pata picha. Utando huo umelazwa katikati ya sahani mbili za metali, na sahani ya juu imeachwa na vinyweleo ili mvuke upenye. Huo ni muundo wa kapasita, ghala dogo la chaji. Plastiki kavu ya aina hii ina uwezo wa kusaidia kuhifadhi chaji ambao wanaelektroniki wanaupa namba 3 hivi. Maji yana kama 80. Kwa hiyo molekyuli chache tu za maji zikijipenyeza katikati ya minyororo ya plastiki, ghala linapanuka kwa kiasi kinachopimika, na saketi inakibadilisha kiasi hicho kuwa asilimia.

Polima, kwa asiyelizoea neno, ni molekyuli ndefu iliyoundwa kwa kurudia kipande kimoja maelfu ya mara, mfano wa shanga kwenye uzi. Mfuko wa plastiki ni polima. Ndoo ni polima. Pamba ni polima, na nywele pia. Tumezoea kuiona plastiki kama kifungashio cha kitu cha maana, au kama takataka iliyoziba mfereji, na mimi nilikuwa hivyo hivyo: nilipofungua kihisi macho yangu yalikimbilia waya na chipu. Hizo ni karani tu. Anayehisi ni utando.

Na habari yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1783 Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva alieleza kifaa chake cha kupimia unyevu ambacho moyo wake ulikuwa unywele wa binadamu. Unywele ukitoka ukavu kabisa kwenda hewa iliyoshiba maji hurefuka kwa kama asilimia 2, na akaufunga kwenye mshale unaozunguka. Dada yeyote aliyenyoosha nywele kwa pasi asubuhi kisha akakutwa na manyunyu pale Posta anaijua sayansi hiyo kuliko mimi. Vifaa vya nywele vilitumika katika hali ya hewa kwa karibu karne mbili. Kisha mwaka 1973 kampuni ya Vaisala ya Finland ikaleta kihisi cha utando mwembamba wa polima, kazi ya mwanafizikia Tuomo Suntola, hasa kwa ajili ya vifaa vinavyopandishwa angani na maputo. Suntola huyo huyo baadaye alipewa Tuzo ya Teknolojia ya Milenia, mwaka 2018, kwa mbinu yake ya kupaka tabaka la atomu juu ya tabaka la atomu, ambayo bila hiyo simu uliyoshika isingekuwa na chipu ndogo hivyo. Kihisi changu cha Kariakoo ni mjukuu wa mbali wa kile cha maputo.

Sasa kwa nini 88? Nilisoma karatasi ya mtengenezaji mpaka chini kabisa, kule ambako sisi mafundi wa nyumbani hatufiki, na pale nikakuta onyo: kisiwekwe karibu na mvuke wa viyeyusho. Nikakumbuka. Kabla ya safari ya Turiani niliogopa kutu kwenye maungio niliyolehemu, nikayapaka rangi ya kucha ya mke wangu, ile isiyo na rangi. Ni ujanja unaojulikana, unaziba unyevu vizuri. Ila mimi nilipaka kisha nikafunika kasha hapo hapo, na kihisi kikashinda humo siku mbili kinavuta harufu. Utando ambao kazi yake ni kukaribisha molekyuli za maji hauna mlinzi mlangoni. Mvuke wa rangi nao uliingia, ukakaa, ukahesabiwa kama unyevu.

Hapo ndipo nilipoelewa tabu ya taaluma hii nzima. Kifaa kingine chochote cha umeme unaweza kukifungia ndani ya plastiki ngumu kikasahau dunia. Kihisi huwezi. Ili kihisi, lazima kiguswe, na kikiguswa kinachafuka, kinazeeka, kinadanganyika. Karibu kila hatua iliyopigwa kwenye polima za vihisi kwa miaka sabini sasa ni jibu la swali hilo moja: utampataje mgeni unayemtaka bila kuwafungulia mlango wengine?

Dawa ya kihisi changu ilikuwemo kwenye karatasi ile ile. Kioke kwa nyuzi 50 mpaka 60 kwenye ukavu kwa saa mbili, uvamizi utoke. Kisha kikae saa tano au zaidi kwenye hewa ya unyevu unaozidi asilimia 70, utando urudi hali yake. Nilikiweka kwenye kopo la bati na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu, nilivyovikausha kwanza, nikakitia kwenye oveni na kusimama mlangoni kama mtu anayeoka keki yake ya kwanza. Na kwa hatua ya pili, hewa ya zaidi ya 70 ningeitoa wapi? Kopo la siagi ya karanga, uji wa chumvi. Asubuhi yake kikasoma 77. Sikupata 75, lakini 77 iliyotulia ni namba unayoweza kuishi nayo.

Kopo hilo nililiweka siku hiyo mezani, karibu na vifaa vya mama. Mama ana sukari, mwaka wa tisa huu, na kila asubuhi anajitoboa kidole. Nilikuwa nimemwona akifungua na kufunga kile kikopo cha stripu mara mia bila kukitafakari: anachomoa moja, anakifunga ka! kabla hata hajaishika vizuri ile iliyotoka. "Nesi alisema kisikae wazi," alinijibu nilipouliza. Nilikiangalia kwa ndani. Makopo mengi ya stripu, plastiki yake ya ndani imechanganywa na dawa ya kunyonya unyevu. Ni polima inayolinda polima, kwa sababu hewa ya Mbagala inaweza kuiharibu stripu kabla haijaonja damu.

Baba wa kazi hii ni Leland Clark, Mmarekani. Alitaka kupima oksijeni ndani ya damu kwa waya wa platini, lakini protini za damu ziliukaba waya mara tu ulipozamishwa. Katika kifaa alichokitangaza mwaka 1956 alikuwa ameufunika kwa polithini, plastiki ile ile ya mfuko. Oksijeni hupenya polithini, protini hukwama nje. Mwaka 1962, yeye na Champ Lyons huko Alabama wakaenda hatua ya pili: wakanasa kimeng'enya kinachokula glukosi (protini inayoibadilisha sukari hiyo kikemia) kati ya tando, oksijeni ikipungua unajua sukari iko kiasi gani. Utando, kimeng'enya, utando. Vipima sukari vyote unavyoviona leo vimetoka kwenye hiyo sandwichi.

Na kimeng'enya chenyewe hutolewa wapi? Kwa kawaida kwenye kuvu aitwaye Aspergillus niger. Ndugu wa tumbo moja na yule flavus wa sumukuvu. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Ndugu mmoja yuko Turiani anamvizia shangazi guniani, mwingine yuko kwenye kikopo cha mama anamsaidia kuishi. Familia ni familia.

Tatizo lililobaki lilikuwa la usafirishaji. Kimeng'enya kikila glukosi kinabaki na elektroni mkononi, na sehemu inayozishika imejificha katikati ya bonge la protini, mbali na waya. Kwa asili oksijeni ndiyo inayozibeba, lakini chini ya ngozi oksijeni ni ya kubahatisha. Adam Heller wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, mzaliwa wa Romania, aliunda polima inayovimba majini kama jeli, na kwenye mnyororo wake akaning'iniza atomu za metali iitwayo osmiamu. Elektroni inaruka kutoka osmiamu moja kwenda nyingine mpaka inafika kwenye waya. Kama umewahi kuona ghorofa la Dar likimwagwa zege bila winchi, vijana wamejipanga ngazini na karai linapanda mkono kwa mkono, hakuna anayetembea na zege linafika juu, basi umeiona polima ya Heller. Kampuni aliyoianzisha na mwanawe ilitoa mwaka 2000 kipima sukari kilichohitaji damu ya nanolita 300 tu, tone dogo kuliko kichwa cha pini. Abbott wakainunua mwaka 2004, na mwaka 2014 wakauza Ulaya kile kidude cha mkononi kinachokaa siku 14: uzi wa milimita chache chini ya ngozi, umepakwa polima ya osmiamu na kimeng'enya, na juu yake utando mwingine wa polima unaopunguza kasi ya glukosi ili kimeng'enya kisielemewe.

Binamu yangu aliyeko Muscat anacho mkononi. Anakipapasa kwa simu huku anakula halua, anatukana, anaendelea kula. Mama hana. Ukikinunua leo, wiki mbili zijazo unanunua kingine, na hesabu hiyo kwa mstaafu wa huku haikai. Mimi sioni kama hilo ni jambo dogo la kusubiri bei zishuke. Kifaa kikishatupwa kila baada ya siku 14, bei ndiyo kifaa chenyewe.

Jambo moja zaidi kuhusu mlinzi wa mlangoni, kwa sababu nalipenda. Damu ina vitamini C, ina asidi ya yuriki, na vyote hivyo vikigusa elektrodi vinatoa mkondo unaofanana na wa sukari. Wakemia wakatumia Nafion, plastiki yenye chaji hasi mwilini mwake. Vitamini C na asidi ya yuriki nazo ni hasi, kwa hiyo zinasukumwa nje kama sumaku mbili zilizogeuziana ncha zilezile. Safi. Ila paracetamol haina chaji, ikapita katikati ya walinzi ikipiga mluzi, na kwa miaka mingi mtu aliyemeza panadol aliweza kuonyeshwa sukari asiyokuwa nayo. Mlango unaojua rangi moja tu ya nguo hauzuii mwizi aliyevaa rangi nyingine.

Rafiki yangu mchomeleaji wa Tandika hakuniamini nilipomwambia kwamba gesi yake ya asetilini ndiyo iliyofungua mlango wa plastiki zinazopitisha umeme. Ni kweli lakini. Mwaka 1967, kwenye maabara ya Hideki Shirakawa huko Tokyo, mtu alikosea kipimo akatia kichocheo mara elfu zaidi ya kilichotakiwa, na badala ya unga mweusi wa asetilini iliyoungana wakapata ngozi inayong'aa kama fedha. Miaka kumi baadaye, pamoja na Alan MacDiarmid na Alan Heeger huko Pennsylvania, waliipitishia mvuke wa iodini na upitishaji wake wa umeme ukapanda mara milioni kumi. Nobeli ya kemia ya mwaka 2000 ni ya hao watatu. Polima yenyewe ya asetilini huoza hewani, haikufaa kitu sokoni. Zilizofaa ni binamu zake, kama PEDOT, ambayo zamani ilipakwa kwenye filamu za kamera zisikusanye umeme tuli na leo inatengenezewa elektrodi laini za kubandika kwenye ngozi. Kuna pia plastiki iitwayo PVDF, ambayo Heiji Kawai alionyesha mwaka 1969 kwamba ukiivuta na kuipitishia umeme mkali hubaki na tabia ya kutoa volti kila inapobonyezwa. Hiyo nayo ina mambo yake, lakini mimi sina mahindi ndani yake.

Rangi ya kucha, ndiyo, nilitaka kuirudia. Kinachobaki kikavu juu ya ukucha kwa kawaida ni nitroselulosi, yaani pamba iliyopitishwa kwenye asidi, ndugu mpole wa ile pamba ya baruti ya mwaka 1846. Na kile kitambaa cheupe ndani ya kipimo cha malaria cha zahanati, ambacho unasubiri mstari wa pili utokee huku mtoto amelala begani? Nitroselulosi. Protini huishikilia vizuri, kwa hiyo kingamwili zinachorwa juu yake mstari, zinakauka, zinasubiri miezi kwenye boksi mpaka damu itambae kufika zilipo. Polima ya rangi ile ile niliyoharibia kihisi changu ndiyo inayowaambia akina mama wa nchi hii kama homa ya mtoto ni malaria. Mke wangu alisema amenisamehe kuhusu chupa ya rangi lakini si kuhusu mhadhara.

Watu wengi wakisikia habari hii huniuliza kwa nini tusipime sumukuvu yenyewe moja kwa moja. Njia zipo, na moja ni ya polima, na ni ya kupendeza. Unajua wezi wanavyobonyeza ufunguo kwenye sabuni ili wapate umbo lake. Wakemia hufanya vivyo hivyo: wanaikuza polima kuizunguka molekyuli wanayoitafuta, kisha wanaiosha molekyuli itoke, panabaki tundu la umbo lake. Ikipita tena, inakaa, nyingine haikai. Kwa sumukuvu, mara nyingi hutumia molekyuli nyingine inayofanana nayo isiyo na hatari, maana ya kweli ni ghali na inaua. Maabarani inafanya kazi. Guniani kuna shida nyingine ambayo hakuna polima itakayoitatua: sumu haikai sawasawa. Punje moja inaweza kubeba mzigo wa gunia zima na jirani zake mia wakawa wasafi. Ukichota kiganja ukakikosa hicho, umepima usafi ambao haupo. Ndiyo maana mimi nimebaki upande wa unyevu. Unyevu umeenea gunia zima, na unausikia kabla kuvu hajaamka.

Nilirudi Turiani mwezi wa nane, mahindi ya masika. Safari hii kihisi kilikaa peke yake kwenye ncha ya bomba, maungio yalipakwa rangi wiki moja kabla na kuachwa barazani yakauke, na pembeni nilikuwa na kopo langu la uji wa chumvi. Shangazi alitikisa chupa yake, mimi nikasokomeza bomba langu. Gunia la kwanza: chumvi haikunata, kihisi 70. La pili hivyo hivyo. La tatu lilitoka kwa jirani aliyevuna mapema, na hapo chumvi ilibaki kwenye kioo kama ukungu wa asubuhi, na kihisi kikasema 81. Kwenye gunia la nne chumvi haikunata, lakini kihisi kilisema 76. Toa mbili za upotofu wake, 74. Shangazi alitaka kulifunga kwenye mfuko ule wa tabaka tatu usiopitisha hewa, ambao unaua dumuzi kwa kuwanyima pumzi. Nilimwomba aliache juani siku mbili zaidi, kwa sababu ndani ya mfuko ule unyevu haupati pa kwenda.

"Chumvi imepitisha," alisema.

"Imepitisha kwa kuchungulia, shangazi."

Alifikiri, akalimwaga kwenye turubai.

Nilimwachia kifaa na kopo. Nilimwonyesha jinsi ya kukifungia kihisi humo usiku kucha kila mwanzo wa mwezi, bila kugusa uji. Hakuuliza maswali mengi, chumvi anaijua. Mwezi uliopita aliniandikia ujumbe saa kumi na mbili asubuhi, namba tupu bila salamu: 79. Nikampigia, nikamwamkia, nikamuuliza jikoni wametumia nini. Kumbe mjukuu alikuwa amepaka dirisha rangi ya mafuta.

"Basi kikae nje kwanza, shangazi, barazani, kipigwe na upepo."

"Siku ngapi?"

"Tatu. Halafu kirudi kwenye chumvi, uniambie kinasoma ngapi."

Jana kilisoma 78. Nimemwambia atoe tatu.